Namba Tisa Kwenye Shuka la Kijani

Dobini, ofisini
Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu,

Jana, Jumatatu tarehe 3 Machi, saa moja na nusu asubuhi, nimempoteza Mama Pasi. Hajafa. Ameacha kazi. Aliweka aproni yake juu ya meza yangu, imekunjwa mara nne kama anavyokunja kila kitu, akasema, "Bosi, mimi basi," akatoka. Miaka kumi na tisa. Siku alizokosa kazi kwa miaka yote hiyo ni kumi na moja, na mwenye kuhesabu ni mimi.

Nakuandikia, sikupigii. Nikipiga nitapayuka, na kuta zetu unazijua, mtu akikohoa kwenye mashine ya nne anasikika getini. Halafu nataka maandishi, maana jambo hili limeanzia kwako.

Nikukumbushe, usije ukasema umesahau. Oktoba ulikuja hapa na fomu zako na yule mwenzako wa miwani. Ukasema chuo chenu kinachunguza ustawi wa hisia na ari ya kazi kwa watu wanaofanya kazi ambazo wengine zinawatia kinyaa. Nikacheka, nikakuambia umefika. Kilo mia nne za mashuka ya hospitali kwa siku: damu, usaha, matapishi, na yale mengine. Watu kumi na wanane, kila mmoja na namba yake iliyoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe ya shuka, ili doa likirudi tujue limetoka kwa nani. Ukazipenda sana hizo namba. Ukataka kila asubuhi watu wajaze kadi, leo unajisikiaje, moja mpaka saba. Ukaweka na sanduku getini: mgonjwa anayetaka kushukuru ataandika barua kwa namba aliyoiona kwenye shuka lake, na fundi akitaka kumjibu atumbukize humo humo, watu wako watapeleka wodini.

Mama Pasi ni namba tisa. Novemba akaanza kupata barua za binti mmoja wa kitanda cha nane, wodi ya upasuaji. Miaka kumi na saba, kapasuliwa tumbo mara mbili, mama yake yuko mbali. Kila Ijumaa barua. Mama Pasi, ambaye sauti yake nilikuwa naisikia labda mara tatu kwa wiki, akawa anaimba kwenye pasi. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Kadi zake zinapita mezani kwangu kabla hazijaja kwako: sita, sita, saba, sita, saba. Katikati ya Januari barua zikakatika. Tano. Tatu. Mbili. Kisha moja, moja, moja, wiki tatu mfululizo.

Jumamosi alivaa gauni lake la sherehe, akabeba machungwa sita, akaenda hospitali. Akapitia mlango wa mbele, sisi ambao tumezoea mlango wa nyuma wa magunia. Muuguzi akamwambia kitanda cha nane kina mzee wa nyonga tangu mwaka jana. Akaenda wodi ya pili, ya tatu. Wodi ya nne wakamwambia, "Mama, kaa mbali kidogo, unanuka dawa." Hapo akarudi.

Anaamini binti amekufa na sisi tunamficha. Kabla ya kuweka aproni aliniuliza, macho makavu kabisa: "Bosi, shuka walilomfunika nalo, nilipiga pasi mimi?"

Wewe una watu wako kule hospitali. Niambie binti yuko wapi. Kama amekufa, sema amekufa, niende mwenyewe kwa Mama Pasi nikamwambie.

Niliruhusu mambo yako kwa sababu najua barua inaweza kumfanyia mtu nini. Hii yenyewe naiandika chini ya fremu ya barua ya Baba, ile aliyokutamkia kitandani ukamwandikia wewe, mkono wake ukiwa hauwezi tena kushika kalamu. Mwaka wa sita huu iko ukutani. Kwa hiyo sikuwa mjinga kuamini barua.

Nijibu wiki hii.

Dada yako

*

Chuoni, Idara ya Saikolojia
Jumapili, 9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimeumia sana kusikia habari za Mama Pasi. Mpe pole zangu za dhati ukimwona.

Naomba nikueleze kwa utulivu. Kila uchunguzi wa aina hii una vipindi. Kuna kipindi cha kumpa mtu kitu kinachomjenga, na kuna kipindi cha kukiondoa, ili tujue kama ari iliyopanda inasimama kwa miguu yake au inaanguka. Mafundi tisa walipangiwa kupokea barua, tisa hawakupangiwa. Kati ya wale tisa, wanne barua zao zilisimama katikati ya Januari kama ilivyopangwa. Mama Pasi aliangukia katika hao wanne. Ni bahati nasibu, si mtu aliyemchagua.

Matokeo mpaka sasa ni mazuri kuliko tulivyotarajia. Kwa wanaopokea barua, siku za kukosa kazi zimeshuka kutoka kumi na moja kwa mwezi hadi nne. Madoa yanayorudishwa yameshuka kwa theluthi. Wewe ni mtu wa hesabu, najua utaona maana yake. Hawa ni watu ambao jamii inawakwepa barabarani, na kwa mara ya kwanza wamejiona wana thamani. Nililia niliposoma baadhi ya majibu yao.

Kuhusu binti, nakushauri usimtafute, na usimwache Mama Pasi aendelee kumtafuta. Haitamsaidia. Mwambie tu kwamba wagonjwa huhama, hupona, hurudi kwao, wakasahau kuaga.

Nakuomba pia usizungumze na wengine kuhusu barua kabla ya tarehe 30 Aprili. Tukivunja sasa, kazi ya miezi sita itamwagika.

Je, presha yako? Unakunywa dawa?

Mdogo wako

*

Dobini
Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Presha yangu iko juu, na inajua kwa nini.

Umeandika karatasi nzima, mbele na nyuma. Neno "binti" limo mara moja tu, na limewekwa pale ili uniambie nisimtafute. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unamumunya maneno kwa huruma. Mara ya tatu nikachukua daftari la mashuka.

Namba tisa haijawahi kushonwa kwenye shuka la kitandani. Hata moja, miaka kumi na tisa. Mama Pasi alikuja hapa akaomba mashuka ya kijani tu, yale ya chumba cha upasuaji, kwa sababu yana mkunjo wake na ukikosea daktari analirusha. Nikampa, na hakuna mwingine anayeyagusa. Shuka la kijani linafunguliwa juu ya mtu aliyekwisha kupigwa nusukaputi. Likitoka pale linaingia guniani. Sasa huyo binti wako aliyesoma namba tisa, kama ilivyo kwenye ile barua ya kwanza Mama Pasi aliyonisomea Novemba, "kwenye pembe ya shuka langu, asubuhi jua likiingia dirishani," alisomaje? Alinyanyua kichwa tumbo likiwa wazi, akaomba kalamu?

Kosa hilo hawezi kulifanya mtu aliyelala hospitali. Wala aliyewahi kufua humu ndani. Linafanywa na mtu aliyekuja dobini mara mbili, akasimama karibu na mlango, akapiga picha.

Nikachukua bisibisi nikafungua sanduku lako. Bahasha tano, tayari kwa Ijumaa. Mzee wa figo. Mama wa mapacha. Dereva aliyevunjika mguu. Miandiko mitano, nakusifu, mmefanya kazi. Lakini karatasi zote zimekatwa kwenye daftari moja, ukizipanga meno yake yanaingiana. Na kwenye bahasha ya namba nne mtu kasahau kufuta penseli: "Taja watoto."

Mimi nimetoa meno ya bandia kwenye foronya. Nimetoa kidole, mdogo wangu, kidole cha mtu, kwenye shuka la ajali, nikakifunga kwenye kitambaa nikakirudisha hospitali kwa miguu, halafu nikala chakula changu cha mchana. Sijawahi kutapika kwenye hii kazi. Jana nimetapika kwenye sinki la ofisi, na mkononi nilikuwa na karatasi nyeupe safi, yenye maneno mazuri, inanukia sabuni ya mtu aliyeoga.

Usinivishe kilemba cha ukoka na hesabu zako za kumi na moja hadi nne. Hizo hesabu naziona kabla yako. Nilikuwa nazifurahia. Hilo nalo linanichefua.

Nataka uandike kwa maneno ya kawaida, siyo ya chuoni. Huyo binti ni nani?

Dada

*

Chuoni
Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Shikamoo.

Huyo binti ni mimi. Barua za kitanda cha nane niliandika mimi, zote kumi. Nyingine tuligawana na mwenzangu.

Sasa nisikilize kabla hujaikunja hii karatasi. Tulijaribu kwanza njia ya kweli. Tuliacha fomu wodini wiki tano. Unajua tulipata ngapi? Mbili, na moja ilikuwa malalamiko ya mto. Wagonjwa hawawafikirii, dada. Huo ndio ukweli. Mtu analala kwenye shuka safi kama anavyovuta hewa. Tungesubiri shukrani za kweli, Mama Pasi asingeimba hata siku moja.

Na aliimba. Hilo huwezi kuliita uongo. Maneno niliyabuni, lakini kilichotokea ndani yake hakikubuniwa. Kadi zake zilikuwa saba kweli. Wewe ulisaini ukurasa wa nne, umeandikwa kwamba "baadhi ya taarifa zitatolewa kwa washiriki kwa namna iliyopangwa." Nilikuuliza kama una swali, ukasema una magunia yanasubiri.

Tulipanga kuwaeleza wote mwishoni, Aprili, kwa kikao, na vinywaji. Sikuwahi kufikiri kwamba angevaa akaenda hospitali. Hilo halikuwepo kwenye mpango, na silali nikilifikiria.

Usinione kama mtu anayecheza na watu. Imani yangu juu ya hili siyo ya vitabuni. Miaka sita iliyopita nilimwona mtu aliyekuwa ameanguka kabisa, hali, haongei, kazi ameiacha, akainuliwa na barua moja ya maneno machache. Siku tatu tu. Tangu siku hiyo nilijua nitasomea nini.

Nitakuja Aprili nimwombe radhi Mama Pasi mwenyewe. Nisaidie tu wengine wasijue kabla.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Alhamisi, 20 Machi

Bosi,

Nimeandika mwenyewe, mwandiko unaujua, uvumilie.

Ulipokuja Jumanne ukaniambia hakuna binti, nilikujibu "haya" na nikakukaribisha chai. Ulikunywa vikombe viwili ukaondoka una wasiwasi kwamba sikulia. Nililia ulipotoka. Kisha nikacheka, maana nilikuwa nimemwombea mtu asiyekuwepo siku arobaini na saba.

Unadhani mimi sikuliona lile la namba tisa? Bosi, nililiona barua ya kwanza kabisa, mstari wa tatu. Nikajiambia labda aliiona sekunde moja kabla ya sindano. Nikajiambia labda shuka la kijani lilipotea njia likafika wodini. Tangu lini shuka langu likapotea njia? Lakini nilitaka liwe limepotea. Kwa hiyo katika uongo huu na mimi nina mkono wangu, kidogo, siukatai.

Kinachonifanya ninawe mikono kila saa ni kingine. Yeye aliniandikia kumi. Mimi nilimwandikia kumi na moja, ya mwisho haina jibu. Katika barua ya nne binti alisema anaogopa kupasuliwa mara ya tatu. Mimi nikamwambia jambo ambalo wewe hulijui, wala majirani hawalijui. Mwanangu wa pili, wa kike, alikufa kwenye meza ya chumba kile kile. Alikuwa na miaka kumi na sita. Walinirudishia akiwa kwenye shuka la kijani lenye doa la zamani ambalo si lake, doa la mtu mwingine, wala hawakuona aibu. Ndiyo sababu nilikuja kwako kuomba yale mashuka. Hukuniuliza, na nilikushukuru kwa kutoniuliza. Nilimwambia binti: ukiingia pale, shuka litakalokufunika nimelikagua mimi uzi kwa uzi, halina doa la mtu. Usiogope.

Hayo nilimwambia mtoto anayeogopa. Sikumwambia mwanaume mzima mwenye shahada.

Desemba mdogo wako alikuja dobini, akanipita kwenye pasi, akarudi, akanishika bega. Akasema, "Pole sana, mama." Nikashangaa, hakuna aliyefiwa. Nikadhani ni adabu za wasomi. Sasa najua alikuwa ananipa pole ya nini. Bega hilo nimelisugua kwa jiwe la kuogea.

Nazitaka barua zangu. Kumi na moja. Siyo nakala.

Zake zote kumi nimekufungia kwenye mfuko huu. Sitaki zilale nyumba moja na mimi. Zisome au zichemshe, shauri yako.

Kazi sirudi. Siyo kwa hasira juu yako. Nikishika pasi sasa nasikia kama kuna mtu anasimama nyuma yangu anaandika.

Mama Pasi

*

Chuoni
Jumanne, 25 Machi

Dada,

Shikamoo.

Ujumbe wako wa maneno manne, "Rudisha barua za watu," nimeupata.

Ndani ya kifurushi hiki zimo barua tisa za Mama Pasi, halisi, hazijapigwa mhuri wala kuandikwa chochote. Mbili, ya nne na ya kumi na moja, sinazo. Ziko kwa jopo linalotathmini utafiti wetu. Wamezisifu sana. Ya nne ilisomwa mbele ya ukumbi mzima mwezi uliopita. Jina lake halipo popote, ameandikwa "mshiriki namba tisa" tu. Hakuna anayeweza kumjua.

Nitajaribu kuziomba zirudi, ila siwezi kuahidi lini.

Nakuomba, dada, tusiligeuze hili likawa letu mimi na wewe. Wewe ndiye uliyenilea. Uliponipeleka shule ulikuwa unanuka dawa ya madoa na sikuwahi kuona aibu, na unajua katika nyumba yetu nani aliona. Nilichofanya chote, nimefanya kwa sababu sikuvumilia kuona watu kama wewe mnadharauliwa. Ukiniita mwongo nitakubali. Ukiniita katili, hapana.

Kuna maswali mengine ambayo jibu lake halimfai mtu yeyote. Hilo nimejifunza kazini.

Mdogo wako

*

Dobini, chini ya fremu
Jumamosi, 29 Machi

Mdogo wangu,

Tuanze na yaliyo rahisi.

Barua tisa nimempelekea Mama Pasi leo asubuhi. Alizihesabu mbele yangu, akazipanga kwa tarehe, akaniangalia. Nikamwambia mbili ziko kwa jopo, na ya nne ilisomwa ukumbini. Akauliza, "Walikaa au walisimama?" Alikwenda uani, nikasikia bomba likifunguliwa, na halikufungwa mpaka nilipoondoka.

Hakuna anayeweza kumjua, unasema. Kila shuka la kijani katika ile hospitali lina namba tisa kwenye pembe kwa uzi mwekundu. Mwanafunzi yeyote wa udaktari aliyekuwa ukumbini ataingia chumba cha upasuaji kesho, aone tisa, ajue mama huyu mtoto wake alifia wapi. Umemficha nyuma ya namba ambayo ndiyo jina lake. Nimetuma watu wawili wazifumue. Mashuka mia mbili na sita. Watamaliza Jumatano.

Sanduku nimelichoma. Wafanyakazi wote nimewaambia juzi saa sita mchana, mashine zimezimwa. Sikutumia vinywaji. Mzee wa gunia, namba nne, aliyekuwa anaandikiwa na mama wa mapacha, alisema, "Kwa hiyo mapacha hawapo?" Nikasema hawapo. Akasema, "Na mimi nilishawachagulia majina." Watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akakaa chini kwenye gunia la mashuka machafu, ambalo hatukaliagi.

Hayo ndiyo rahisi.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimechukua zile barua kumi za kitanda cha nane nizichemshe kama alivyosema Mama Pasi. Maji yalikuwa tayari. Nikasema nizisome kwanza, nijue nachemsha nini. Nilifika ya sita. Binti wako anamwambia Mama Pasi hivi: "Mama, mikono yako haijachafuka. Imebeba tu kile ambacho wengine wanakataa kukitazama."

Sikuhitaji kunyanyua kichwa ukutani, lakini nilinyanyua. Fremu, mstari wa pili: "Mwanangu, mikono yako haijachafuka. Imebeba tu kile ambacho sisi tulikataa kukitazama."

Maneno kumi na moja na kumi na moja. Yaliyobadilika ni matatu.

Nilizima jiko.

Baba alikuwa akija kwangu anafuta kiti kwa leso kabla hajakaa. Alikuja na maji yake kwenye chupa. Kwenye harusi ya binamu yetu, mbele ya meza nzima, alisema, "Sahani hiyo msiipokee, ameshika Dobi." Hakuwahi kuniita mwanangu. Tangu nianze kazi hii aliniita Dobi, na kabla ya hapo aliniita wewe. Baada ya ile harusi nilifunga geti wiki sita. Sikuwa nakula. Sikuwa naongea. Wewe ulikuwa unamuuguza, ndipo ukaleta barua. Siku ya tatu nikafungua geti. Siku ya kumi na mbili akafa, na mimi nikamzika bila kinyongo, nikalia kama mtoto wa mtu anayependwa.

Miaka sita iliyopita, umeandika tarehe 17. Mtu aliyeanguka kabisa, hali, haongei, kazi ameiacha. Siku tatu. Unadhani sijui kuhesabu?

Mama Pasi anasema aliliona kosa mstari wa tatu akalipita. Mimi la kwangu lilikuwa neno la kwanza. "Mwanangu." Niliona siku ile ile, nimesimama getini, bahasha bado ina joto la mfuko wako. Nikajiambia watu wakikaribia kufa hubadilika. Mimi, ambaye nikikosa foronya moja kati ya mia tatu nasimamisha gari.

Labda alilisema. Labda binti wako alikopa maneno ya Baba kwa sababu ulikuwepo akiyatamka ukayaona mazuri. Hilo nalo linawezekana, na unaona jinsi ninavyokutafutia mlango wa kutokea. Lakini kama ni wewe, basi utafiti wako haukuanza Oktoba na mafundi kumi na wanane. Ulianza na mmoja, na hakusaini ukurasa wowote.

Usiniandikie kuhusu ari. Usiniambie jinsi nilivyoinuka, najua niliinuka, nilikuwepo. Usiniambie jibu halimfai mtu. Mimi kazi yangu ni kufungua kila gunia linaloletwa, hata ninapojua kilichomo, na sijawahi kulirudisha gunia moja bila kufunguliwa.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili, saa sita mchana nazima mashine kwa dakika ishirini kama kawaida. Nitakuwa ofisini, mlango umefungwa, simu ya mezani iko wazi. Barua mbili za Mama Pasi ziwe zimeshafika mkononi mwake kufikia hapo, hilo sio ombi. Na wewe utapiga. Hutasalimia. Sitaki karatasi yako tena, mdogo wangu, nataka sauti, nisikie kama inatetemeka.

Baba aliyasema maneno haya, au hakuyasema?

Ikifika saa sita na dakika ishirini bila jibu nitaishusha fremu na kuichemsha pamoja na zile kumi.

Dobi